Mvumo kutoka kwenye kanda kuukuu: muziki wa robo saa kwa sekunde nne za ukimya

Mjomba wangu alikuwa akituma kanda kutoka Muscat. Miaka ya 1980 kupiga simu kulikuwa ghali na barua zilichelewa, basi watu wa Unguja wenye jamaa Omani na Dubai walijirekodi kwenye kaseti, upande mzima wa salamu na habari za watoto, kisha wakampa msafiri aifikishe. Mama alizitunza saba ndani ya boksi la viatu. Nilipoitia ya kwanza kwenye redio, kabla mjomba hajasema "Assalam alaikum, dada", zilipita sekunde kama nne ambazo hasemi kitu. Kiyoyozi cha dirishani kinavuma. Pumzi inavutwa. Kiti kinalia kidogo. Na juu ya hayo yote kuna ule mchuruzo wa kanda yenyewe, shhh, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati nyumba ya pili.

Kwa sekunde hizo nne nimetengeneza kipande cha dakika 16 na sekunde 41, na sikugusa neno la mjomba hata moja. Nitaeleza hapa nilivyofanya, kwa kompyuta ya kawaida na programu ya bure. Ila kabla ya hatua yoyote, lishike hili: ndani ya kanda usitafute wimbo. Tafuta pale ambapo hakuna anayesema. Maneno yana mwenyewe na yana maana yake tayari. Ukimya wa chumba ndio unaovutika, na ndani yake mna mengi kuliko unavyodhani.

Muziki wa mvumo ni muziki wa sauti inayoshikilia. Noti moja, mbili au tatu zinaendelea kwa dakika nyingi bila kiitikio wala mdundo wa kuchezea, na mabadiliko huja taratibu kiasi kwamba unashtukia tu umeshafika kwingine. Sisi wa pwani sauti isiyokatika si ngeni kwetu: mpiga zumari anayeijua kazi yake hujaza hewa mashavuni na kuvuta pumzi puani huku akiendelea kupuliza, zumari lisinyamaze.

Kuufanya kwa rekodi nako kulianza karibu na kwetu kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1944, mjini Cairo, kijana Mmisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kwenye waya kutoka kituo cha redio, akarekodi wanawake kwenye ngoma ya zaar, ambayo ni ngoma ya kupunga pepo na mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Kisha akaichezea rekodi ile studioni, akazipunguza sauti za msingi na kuziacha zile za juu zielee kwenye mwangwi. Miaka minne baadaye, 1948, Pierre Schaeffer naye akafanya majaribio yake ya santuri kwenye redio ya Paris, na vitabu vingi huanzia kwake. Mwingine wa kumjua ni William Basinski wa Marekani. Mwaka 2001 alikuwa akihamishia kompyuta vitanzi vya kanda alivyovitengeneza miaka ya 1980, akaona unga wa sumaku unabanduka kila kanda inapopita kwenye hedi, kile kichwa cha chuma kinachosoma kanda, na muziki unazidi kufifia kila mzunguko. Hakuizima mashine. Aliuacha uharibifu uendelee, akaurekodi hadi mwisho.

Hatua ya 1: Kanda yenyewe

Kabla ya chochote vunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili mtu asije akabonyeza kitufe chekundu akafuta yaliyomo. Kisha itazame kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za ukanda, huo ni ukungu, na unyevu wetu wa pwani huupenda sana. Kaseti ya namna hiyo usiitie kwenye redio, maana ukungu utahamia kwenye hedi na kutoka hapo kwenye kaseti nyingine zote.

Kama ni safi, zungusha kidogo kwa penseli uone kama inateleza, halafu ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma hadi mwanzo kabla ya kuicheza. Ukanda uliokaa miaka thelathini bila kusogea hugandana, na safari hiyo moja huulegeza. Angalia pia kile kisponji kidogo kilicho nyuma ya ukanda, katikati ya kaseti. Kikiwa kimedondoka, sauti itatoka hafifu na iliyofunikwa kama mtu anaongea nyuma ya pazia. Dawa yake ni kuhamishia magurudumu mawili ya ukanda kwenye ganda la kaseti nyingine iliyofungwa kwa skrubu.

Redio nayo isafishwe. Chovya pamba ya kijiti kwenye spiriti ya duka la dawa, futa hedi na kile kijiti cha chuma kinachovuta ukanda mpaka pamba isitoke na rangi ya kahawia. Rola ya mpira ifute kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa kuwa spiriti hukausha mpira. Anza kwa kucheza kaseti usiyoijali, upande mzima. Mimi sikufanya hivyo. Nilitia kaseti ya pili ya mjomba kwenye redio iliyotoka kwa fundi siku hiyo hiyo, redio ikala kanda, na kipande cha kama shibiri moja kikatoka kimekunjamana kama utumbo. Nilikinyoosha kwa vidole jioni nzima. Kinasikika mpaka leo, sauti inazama na kuibuka, na kila ninapokisikia moyo unaniuma.

Hatua ya 2: Kuingiza kwenye kompyuta

Unahitaji waya wenye jeki ndogo pande zote mbili: upande mmoja kwenye tundu la hedifoni la redio, mwingine kwenye kompyuta. Tatizo ni kwamba kompyuta mpakato nyingi za sasa zina tundu moja tu la hedifoni na maiki kwa pamoja, na waya wa kawaida ukichomekwa hapo hauingizi kitu. Tafuta kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye tundu la USB, yenye mlango wa kuingizia sauti. Ile ya bei ya chini kabisa inatosha kwa kanda ya namna hii.

Programu ninayotumia ni Audacity. Ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, inakubali Windows, Mac na Linux, na haihitaji kompyuta yenye nguvu. Iweke irekodi kwa 48,000 Hz, stereo. Kwenye redio zima kitufe cha besi, zima Dolby (kichujio cha mchuruzo) kama ipo, panga mizani ya sauti ikae katikati, na sauti yenyewe iwe kati ya theluthi na nusu. Jaribu sehemu yenye kelele kuliko zote: kipimo kiguse kati ya desibeli −12 na −6, kisifike sifuri. Ngoma ikilia sana hupasuka, na kwa kompyuta hilo ni kweli kabisa, kwani sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairekebishiki.

Rekodi upande mzima bila kusimamisha, pamoja na ule ukimya wa mwanzo na wa mwisho. Hifadhi faili kwa jina linaloeleweka, kwa mfano kanda03-upandeA, nakili kwenye flashi, na faili hilo lisiguswe tena. Kazi zote fanya kwenye nakala.

Wenye santuri za 78 wana shida yao tofauti. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, walirekodi kwenye sahani za aina hiyo, na bado zimo majumbani. Sindano ya gramafoni ya kisasa ni nyembamba mno kwa mfereji wake, tafuta sindano ya 78. Kama mashine yako haina kasi ya 78, icheze kwa 33 halafu ongeza kasi kwenye kompyuta mara 2.34. Au iache ilivyo: kwa 33 sauti hushuka kwa karibu nusu toni 15, na mikwaruzo iliyokuwa ikipasua kama mafuta motoni hugeuka matone mazito ya mvua.

Hatua ya 3: Kusikiliza

Hii ndiyo hatua kubwa, na ndiyo watu wanaoiruka. Vaa hedifoni, kaa na daftari, sikiliza upande mzima kwa kikao kimoja. Andika dakika na sekunde za kila mahali ambapo mtu amenyamaza. Kuna ukimya wa kabla ya salamu ya kwanza. Kuna ule wa mtu anayefikiria jina la kumsalimia. Kuna ukimya baada ya "haya, kwaherini", wakati mkono unatafuta kitufe cha kuzimia. Kuna kelele za nyuma: jenereta, feni, lori linalopita, bahari kama nyumba iko karibu nayo. Kwenye kaseti ile ya kwanza niliandika sehemu 23.

Sauti inayofaa ni ile inayoshikilia. Feni, kiyoyozi, injini, mchuruzo wa kanda, mwisho wa noti ya kinanda. Vishindo na makofi vina kazi yake lakini si vya kuanzia.

Adhana ikisikika kwa mbali, kisomo cha Kurani, dua, au kilio cha msiba, mimi naviacha hapo hapo vilipo. Si vitu vya kuvutwa na kugeuzwa. Na kama aliyerekodiwa au aliyeandikiwa yu hai, muombe ruhusa kabla hujaanza, si baada ya kumaliza. Zile kanda ni za Mama, aliandikiwa yeye. Alifikiri siku mbili akasema, "Maneno ya kaka yangu yaache. Hizo kelele zake chukua."

Usizisafishe kelele. Karibu kila mwongozo wa kuhamisha kanda utakuambia utumie efekti ya kupunguza kelele, ile inayojifunza mchuruzo na kuuondoa. Kwa kazi hii mchuruzo ndio unga wa mkate. Ila ndani ya efekti hiyo hiyo, Noise Reduction, kuna kitu kizuri kilichojificha. Chagua sekunde moja ya ukimya, iambie ijifunze kelele hapo, kisha chagua sehemu ndefu ambayo mtu anaongea, na mwishoni, badala ya Reduce, weka alama kwenye Residue. Itafanya kinyume: itatupa sauti ya mtu na kukuachia kile ambacho ingekiondoa. Nilipoifanya kwa dakika mbili za mjomba nilibaki na chumba chake bila yeye, kiyoyozi na mchuruzo, na hapa na pale kivuli cha sauti kisichoeleweka kinasema nini. Punguza namba ya Sensitivity kidogo kidogo hadi maneno yapotee kabisa.

Hatua ya 4: Kupima mvumo

Chagua zile sekunde nne, nenda Analyze, kisha Plot Spectrum, na uongeze ukubwa wa dirisha hadi 65536 ili kipimo kiwe makini. Utaona milima: kila mlima ni sauti yenye nguvu, na namba yake kwa Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Umeme wa Zanzibar, wa Kenya, wa Omani, wote ni wa 50 Hz, na injini zinazoendeshwa nao huvuma hasa kwenye 100 Hz, mara mbili yake. Ukipeleka kishale juu ya mlima, programu inakuambia namba yake.

Mlima wangu haukuwa kwenye 100. Ulikuwa kwenye 103. Nilikaa nikiutazama kwa muda nisielewe, mpaka nikatambua kwamba kiyoyozi hakikuwa na kosa: redio yangu ndiyo iliyokuwa ikienda haraka kwa asilimia tatu. Umeme wa Muscat uliorekodiwa miaka ile ulikuwa umeniwekea rula ndani ya kanda. Nikarudi kwenye faili zima, nikaishusha kasi kwa kuizidisha na 0.971, mlima ukakaa kwenye 100. Asilimia tatu ni karibu robo toni tu. Lakini nilipomwekea Mama ile salamu ya mwanzo, aliinua kichwa kutoka kwenye mchele aliokuwa akichambua. "Sasa ndiyo yeye," akasema. "Jana ulinisikilizisha mtu mwenye haraka."

Angalizo: kama mlima umekaa kwenye 50 au 100 kamili bila kusogea hata kidogo, huenda ni mvumo wa redio yako yenyewe inayochezea kanda, si wa chumba kilichorekodiwa. Endesha redio kwa betri usikilize tena. Ukipotea, ulikuwa wako.

Hatua ya 5: Kuvuta

Kuna njia mbili, na matokeo yake hayafanani.

Ya kwanza ni ya kanda ya zamani: kushusha kasi. Efekti yake jina linaanza na Change Speed. Ukiweka 0.5, sekunde nne zinakuwa nane na sauti inashuka oktava nzima. Rudia, zinakuwa 16 na oktava mbili. Mchuruzo uliokuwa juu kwenye 8,000 Hz sasa uko 2,000, na husikika kama upepo wa kusi kwenye minazi. Njia hii huonyesha kila kitu kilivyo, hata mtikisiko wa injini ya redio.

Ya pili inaitwa Paulstretch, imo ndani ya Audacity tayari, na ilibuniwa na Nasca Octavian Paul wa Romania. Yenyewe huirefusha sauti bila kuishusha. Hukata sauti vipande, ikapima kila kipande kina sauti zipi na kwa nguvu gani, halafu ikavishona upya vikipandana, huku ikivuruga mpangilio wa wakati ndani ya kila kipande. Ndiyo maana mwanzo mkali wa sauti yoyote hupotea: kile kiti kilicholia kwa nusu sekunde kinageuka wingu linalopita.

Inakuuliza mambo mawili. Kwanza, mara ngapi. Kwa sekunde nne anza na 40, utapata sekunde 160. Pili, ukubwa wa kipande kwa sekunde. Namba inayokuja yenyewe ni 0.25. Ukiipunguza, sauti inakuwa na mikunjo na kukwaruza, ukiongeza hadi 1 au zaidi inakuwa laini kama maji yaliyotulia. Ikikataa kufanya kazi, mara nyingi ni kwa sababu kipande ulichochagua ni kifupi mno kwa namba hiyo. Mimi nilikaa kwenye 0.8.

Sasa tengeneza matoleo matatu, kila moja kwenye treki yake. La kwanza, Paulstretch peke yake: mvumo unabaki kwenye 100 Hz. La pili, shusha kasi hadi 0.5 kwanza, kisha Paulstretch: 50 Hz. La tatu, kasi 0.75 kwanza, kisha Paulstretch: 75 Hz. Hamsini na sabini na tano ziko umbali ambao sikio lolote huukubali bila kufunzwa, ndio umbali wa do na sol. Hapo kiyoyozi cha Muscat kimeshakuwa na sauti tatu zinazopatana, na hukuongeza ala yoyote kutoka nje.

Hatua ya 6: Vitanzi

Kwa kila treki kata kipande utakachokirudia, lakini vyote visiwe na urefu mmoja. Nilitumia sekunde 7, 11 na 13. Namba hizi hazigawanyiki kwa zenzake, kwa hiyo vitanzi vikianza pamoja havitakutana tena mwanzoni mpaka zipite sekunde 7 × 11 × 13, yaani 1001. Hizo ndizo dakika 16 na sekunde 41. Kila sekunde katikati ya hapo mpangilio ni mpya ingawa kilichomo ni kile kile.

Shida ni kiungo. Kipande kikifika mwisho na kuanza upya kitagonga, tak, na ukishalisikia pigo hilo mara moja hutasikia kitu kingine. Hivi ndivyo ninavyoliondoa. Kata kipande chenye ziada ya sekunde mbili: kwa kitanzi cha 7 kata 9, kwa 11 kata 13, kwa 13 kata 15. Kipasue katikati. Nusu ya pili ilete mbele, nusu ya kwanza iweke nyuma, kwenye treki mbili tofauti, zipandane kwa sekunde mbili. Pale zinapopandana, ya mbele ifishe taratibu na ya nyuma iinue taratibu. Unganisha ziwe treki moja. Sasa mwisho wa kitanzi na mwanzo wake ni pale pale ulipopasua, sehemu zilizokuwa zimeshikana tangu awali, kwa hiyo zinarudiana bila mshono. Kabla ya kila mkato bonyeza Z, programu isogeze alama mahali ambapo wimbi linavuka sifuri.

Hakikisha urefu kwa tarakimu zilizo chini ya dirisha, usikadirie kwa macho. Halafu tumia Repeat: kitanzi cha 7 kirudiwe mara 142 zaidi, cha 11 mara 90, cha 13 mara 76. Vyote vitaishia mahali pamoja.

Treki ya nne ni ule ukimya wa Residue, bila kuvutwa, chini sana, kiasi kwamba ukiuzima ndipo unapogundua ulikuwepo.

Hatua ya 7: Kupanga

Usizianzishe treki zote kwa pamoja. Chukua kifaa cha kuchora ukubwa wa sauti juu ya wimbi, kile chenye vitone vya kuvuta, na uchore miinuko mirefu. Mabadiliko ya sekunde kumi kwenye muziki huu ni kishindo. Ipe kila treki dakika mbili au tatu za kupanda na nyingine kama hizo za kushuka. Mimi nilianza na chumba peke yake, 75 ikaingia dakika ya pili, 50 ikaja dakika ya tano, na 100 niliizuia hadi dakika ya tisa. Ilipofika ilikuwa kama mtu kafungua dirisha.

Ukitaka uhai zaidi, nakili treki moja na ishushe kasi hadi 0.995. Mvumo wa 100 Hz na mwenzake wa 99.5 vikisikika pamoja vitapiga pigo moja la kuvimba na kunywea kila sekunde mbili. Hili husikika waziwazi kwenye sauti ambazo hazikupita Paulstretch. Nakala itarefuka kwa sekunde tano hivi, kata mkia wake.

Mwangwi wa nyongeza weka kidogo au usiweke kabisa, sauti iliyovutwa mara 40 tayari ina mwangwi wake. Kata kila kilicho chini ya 30 Hz, kwa sababu ni vigumu kusikika na kinachosha spika. Punguza kila treki kabla ya kuziunganisha: sauti nne zilizokuwa sawa zikiwa peke yake, zikipandana zinapita kipimo.

Na kumbuka wengi watasikiliza kwa simu. Spika ya simu haitoi 50 Hz, wala 100, wataisikia treki yako kama ukimya mtupu. Tengeneza nakala ya toleo la kwanza iliyopandishwa oktava moja au mbili, ichanganye chini chini. Kwenye hedifoni haitaharibu kitu, na kwa mwenye simu ndiyo itakayobeba kipande chote.

Hatua ya 8: Kutoa faili na haki za watu

Toa faili la WAV la biti 24. Dakika hizo 16 zitachukua kama megabaiti 288. Kwa kuwatumia watu, MP3 ya 192 inafika megabaiti 24 hivi.

Kanda ya familia inahitaji ruhusa ya familia. Kanda ya dukani ni jambo jingine: kuvuta sauti mpaka isitambulike hakuondoi haki ya aliyeitunga na aliyeirekodi. Kwa sheria ya Kenya ya 2001, haki ya rekodi hudumu miaka 50, na ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada yake. Kwa mambo ya hakimiliki Tanzania Bara nenda COSOTA, Zanzibar ina ofisi yake ya hakimiliki, Kenya ni KECOBO. Kwa majaribio ya nyumbani huna haja ya kwenda kokote, ila siku ya kuiweka hadharani uliza kwanza.

Kanda yenyewe irudishe kwenye kasha lake, isimamishe wima mahali pakavu, mbali na spika, maana sumaku ya spika hufuta. Kwenye karatasi ya ndani andika tarehe uliyoihamisha, redio uliyotumia, na kasi uliyorekebisha. Kwenye yangu nimeandika 0.971.

Zimebaki sita. Kaseti ya nne, upande B, dakika ya 31, mvua inaanza kunyesha Muscat. Mjomba anakata habari ya arusi katikati, ananyamaza kuisikiliza. Sekunde kumi na moja.